Vitabu vya ndege za kivita si upuzi, tunavitaka kwa Kiswahili

Kwako Mhariri,

Mimi ni fundi wa mashine za boti huku Mtongwe na si mtu wa kuandikia magazeti barua, lakini kuna jambo limenikaa moyoni wiki mbili sasa na nimeona nisipolisema halitatoka. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, alinyang'anywa kitabu shuleni. Kitabu chenyewe ni riwaya ya ndege za kivita, zile tekno-thrila za Wamarekani, yaani hadithi za kusisimua zinazoeleza mitambo kwa undani, nilimpa mimi, nilikinunua kwa wale wanaotandika vitabu vya mitumba chini pale mjini. Mwalimu akamwambia ati hivi ni vitabu vya kupoteza wakati, havina funzo lolote, na isitoshe vinawafundisha watoto kupenda vita. Kijana akaja kwangu amenywea, akaniuliza, "Mjomba, kwani ni vibaya?" Nikamwambia si vibaya. Alafu usiku nikalala nikiwaza kwamba sikumpa sababu, kwa hivo sababu ndo hizi, na naomba mzichapishe manake naamini wako walimu na wazazi wengi wanaofikiria vile vile.

Watu wanadhani anayesoma vitabu hivi anatafuta milipuko. Milipuko imo, sikatai, lakini mtu akitaka milipuko si anaangalia filamu tu, dakika mbili ashaona kumi. Kinachonishika mimi ni kazi. Hivi vitabu vinakueleza kazi inavofanyika, hatua kwa hatua, na vinakueleza kwa namna ambayo usipoelewa mtambo huelewi kwa nini jamaa yuko hatarini, kwa hivo unajikuta unajifunza kwa sababu unataka kujua kama atapona.

Nitoe mfano mmoja tu, ndege kutua kwenye manowari ya kubeba ndege usiku. Ile sitaha, yaani sakafu ya juu ya meli, ni fupi sana, ndege haiwezi kusimama yenyewe, kwa hivo kuna nyaya nne za chuma zimetandazwa kwa upana na ndege ina kulabu chini ya mkia, rubani anatakiwa ainase waya mmoja na anaoulenga ni ule wa tatu. Sasa wewe ungefikiria akigusa sitaha anapunguza moto, si ndio? La! Anasukuma injini mpaka mwisho, moto wote, wakati ule ule anaotaka kusimama, kwa sababu kulabu ikikosa nyaya zote ana nafasi ndogo mno mbele yake kabla ya maji na lazima awe tayari kuruka tena. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje nikasimama tu. Mimi nafanya kazi na injini miaka mingi na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mahali duniani namna ya kusimama salama ni kuongeza moto. Alafu akikosa, anazunguka arudi tena, na kila akizunguka mafuta yanapungua, na huko angani inamsubiri ndege nyengine inayovuta mpira mrefu wenye kikapu mwishoni, achomeke pua ya bomba lake ndani ya kile kikapu kinachochezacheza kwenye upepo gizani anywe mafuta, akishindwa basi ni baharini. Hakuna adui hapo. Hakuna bunduki. Ni mtu, saa ya mafuta na mikono inayotetemeka, na mimi siwezi kulala mpaka nijue.

Yeyote aliyewahi kuwa nje ya mwamba wakati wa kusi na petroli ya kubahatisha kwenye dumu anaijua hiyo hali, hahitaji kuambiwa ni ya Marekani.

Na kuhusu kutokuwa na funzo, mwalimu angemuuliza kijana amesoma nini. Mimi nilimuuliza. Tulikua tumekaa ufuoni jioni akanieleza kwa nini marubani kwenye hivo vitabu wanaruka chini chini karibu waparuze miti, akasema rada inaona kwa mstari ulionyooka na dunia ni mviringo, kwa hivo ndege ikiwa chini inajificha nyuma ya mgongo wa dunia mpaka imefika karibu. Alafu mwenyewe, bila mtu kumwambia, akaonyesha kidole baharini akasema, "Mjomba, ndo maana jahazi likija tunaanza kuliona tanga kabla ya chombo." Miaka yote nimeona tanga kwanza na sikuwahi kuunganisha na rada. Huyo ni mtoto ambaye fizikia anapata alama za kusikitisha. Kitabu cha hadithi kimemuingiza mlango ambao kitabu cha shule hakikuweza, sasa hapo nani anapoteza wakati?

Kuna jambo jengine linalofanya hivi vitabu viwe na ladha, nalo ni kwamba wengi walioviandika walikua kwenye kazi yenyewe. Stephen Coonts alirusha ndege za A-6 Intruder vita vya Vietnam, ile ndege ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, mmoja anarusha mwengine anaangalia rada na kulenga, wanaingia usiku kwenye mvua peke yao. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1986, na ukiisoma unajua huyu hakuhadithiwa. Dale Brown alikua mwelekezi kwenye B-52, ile ndege kubwa ya mabomu, yule anayepiga hesabu za njia, na mashujaa wake wengi ni hao hao wanaokaa nyuma na ramani na mitambo, si rubani peke yake. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Hadithi zetu nyingi shujaa ni mwenye bastola na maneno matamu, lakini huku anaokoa watu fundi aliyegundua pampu imekwama, au kijana wa rada aliyeona kitu kidogo kwenye kioo na hakudharau.

Na asiyekua jeshini? Tom Clancy alikua muuza bima huko Maryland. Alisoma, akauliza watu, akasoma tena, na mwaka 1984 akatoa riwaya ya nyambizi ambayo watu wa jeshi wenyewe walishangaa amejuaje mambo yale, kumbe mengi yalikua kwenye vitabu na majarida ambayo mtu yeyote angeweza kuyapata. Muuza bima! Hakuwa na siri ya mtu, alikua na subira ya kusoma.

Hapo ndo nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Ile ndege isiyoshikwa na rada kirahisi, F-117, nyeusi, mapembe mapembe kama bati lililokunjwa vibaya, iliruka mara ya kwanza 1981 na Marekani wakaificha mpaka Novemba 1988. Watu waliiota kabla haijaonekana, waandishi wa riwaya waliichora kichwani wakaipa mviringo laini, na ilipotolewa hadharani ikawa imejaa kona. Lakini hadithi tamu zaidi ni ilivozaliwa. Hesabu za namna mawimbi ya rada yanavopiga kingo za kitu na kurudi ziliandikwa na Mrusi, Pyotr Ufimtsev, zikachapishwa Moscow mwaka 1962, wazi kabisa, kwa sababu huko kwao hawakuona kama zina faida ya kijeshi. Jeshi la anga la Marekani likazitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1971, na mtaalamu mmoja wa Lockheed, kampuni iliyoiunda hiyo ndege, Denys Overholser, akasoma ile tafsiri na kuona kwamba sasa inawezekana kuhesabu umbo la ndege ambalo rada haitalipata vizuri. Zile kona zimetokana na hilo, kompyuta za wakati ule ziliweza kupiga hesabu za sura bapa tu, mviringo zilishindwa. Yaani ndege ya siri kuliko zote imetoka kwenye kijitabu cha adui kilichotafsiriwa.

Nataka wasomaji wakae na hilo kidogo. Bila mtafsiri, kijitabu kingebaki kabatini Moscow.

Sasa sisi. Mimi nasoma Kiingereza kwa taabu, sentensi nyengine narudia mara tatu, na najua mafundi wenzangu hapa ambao wangevipenda hivi vitabu kufa lakini Kiingereza kile hawakiwezi, si wajinga, wanafungua injini na kuifunga gizani. Kwa Kiswahili tuna riwaya za upelelezi tangu zamani, Bwana Msa alikua anachunguza mauaji Zanzibar kwenye miaka ya sitini, na watu wa umri wangu tulikua tunaazimana zile za mpelelezi Willy Gamba mpaka jalada linatoka. Lakini riwaya inayokuingiza ndani ya mtambo, ikakueleza mtambo huo kwa Kiswahili, mimi sijaishika mkononi. Na nikisema hivo watu wananijibu Kiswahili hakina maneno. Maneno yapo! Rubani yupo, sitaha ipo, manowari, nyambizi, kombora, na yasiyokuwepo tutayafanya kama tulivofanya kabureta na plagi, hakuna fundi anayeshindwa kuongea kazi yake kwa sababu ya maneno.

Wala tusiseme huku hakuna hadithi. Aprili 1942 ndege za Japani zikitokea kwenye manowari zao zilipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo, zikazamisha manowari ya Waingereza ya kubeba ndege, Hermes, na meli nyengine, na Waingereza wakaona hapo hapakaliki, sehemu kubwa ya meli zao za mashariki wakazileta Kilindini hapa hapa. Na wale wataalamu wao wa kusikiliza redio na kufumbua mafumbo ya Wajapani wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram. Humo darasani, Mombasa, wakafumbua fumbo lililotumiwa na meli za mizigo za Japani. Nimepita nje ya ile shule mara ngapi sijui, na niliyajua haya nikiwa mtu mzima na watoto. Mtu akiniambia hiyo si riwaya, na joto la Machi na feni na vijana wa kigeni wamevaa vipokea sauti wanasikiliza bahari nzima, sijui riwaya ni nini.

Mwalimu yuko sawa jambo moja na sitaki kulikwepa. Hivi vitabu vinajua kila skrubu ya ndege na havijui jina la mtu aliye chini yake. Adui mara nyingi ni kivuli tu, na nchi kama zetu zikitajwa ni mahali pa kupigwa au kupitwa juu. Hilo linaniuma kwa sababu huku hatuko mbali na mambo hayo, Januari 2020 uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay kule Lamu ulivamiwa, Wamarekani watatu wakafa na ndege zikateketea, na watu wa Lamu ni ndugu zetu, wana majina. Lakini dawa yake si kumnyang'anya mtoto kitabu. Dawa ni mtu wa huku aandike chake, ambacho ndege iko sawa mpaka skrubu ya mwisho na mvuvi aliye chini yake ana jina na ana mke anayemsubiri.

Kwa hivo Mhariri naomba mambo mawili. Kwanza, gazeti lenu liwe na hadithi ya mfululizo ya namna hii, hata sehemu moja kwa wiki, na muwatafute watu walioko kwenye kazi, marubani waliostaafu, mafundi wa ndege, manahodha, wakae na waandishi. Mimi nitasoma kwa sauti hapa gereji wengine wasikilize. Pili, ikiwa yule mwalimu anasoma gazeti hili, kwa heshima zote namuomba amrudishie kijana kitabu chake. Amefika pale ambapo rubani amekosa waya mara mbili, mafuta yamebaki ya kujaribu mara moja, na ile ndege ya mafuta haijaonekana bado. Kila jioni anakuja kuniuliza nimwambie kilichotokea, na nimekataa, nataka asome mwenyewe.

Wenu,
Fundi wa boti, Mtongwe, Mombasa