Yule si jongoo bahari

Mhariri,

Toleo lako la Jumamosi lilikuwa na picha ya kiumbe mweupe mwenye madoa ya manjano, na chini yake mkaandika "jongoo bahari mchanga". Nimeendesha boti yenye sakafu ya kioo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa miaka mingi, na jongoo bahari nawajua tangu utotoni, tukiwakanyaga siku za bamvua maji yakitoka. Yule ni koa wa baharini. Kichwani ana pembe mbili, na upande wa nyuma, pale mlipoikata picha, kumebaki nusu ya kishada kama ua. Ndiyo matamvua yake, anapumulia mgongoni. Jongoo hana pembe wala ua mgongoni.

Siwalaumu sana, maana hata mimi yamenifika. Kaskazi iliyopita mjukuu wangu alipiga mbizi na simu ndani ya mfuko usioingia maji, akarudi na picha tatu: koa wa kijivu-buluu, koa mweupe kama tui, koa mwenye rangi ya waridi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu ajuaye, hizo ni aina tatu, andika. Yeye akazikuza, akanionyesha kijipengo ukingoni mwa joho la koa (ile ngozi inayomtanda mgongoni), upande wa kulia, kana kwamba aling'atwa na samaki. Kijipengo kile kile katika picha zote tatu. Koa alikuwa mmoja! Ya kwanza ilipigwa bila taa, na maji hula wekundu kabla ya rangi nyingine. Ya pili taa ilimpiga kwa karibu mno. Ya tatu kijana alikuwa amechezea rangi kwenye simu. Nilifuta daftari langu kimya kimya.

Na hata picha ikiwa safi, rangi hudanganya. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza jeni za makoa wa jenasi (kundi la aina za karibu) iitwayo Chromodoris walikuta ndugu wa aina moja wamevaa mavazi tofauti, na wa aina mbili mbali wanaoishi mahali pamoja wamevaa sare.

Kwa hiyo wageni wanaponiletea picha, swali langu la kwanza si rangi gani. Nauliza: pembe zinaonekana? Matamvua je? Ukingo wa joho una mistari mingapi, na upi uko nje? Alikuwa juu ya nini? Wengi hula sifongo. Weka kidole kando, bila kumgusa, tujue ukubwa. Asiye na pembe za kweli wala kishada huenda ni mnyoo bapa, mwembamba kama karatasi. Ila pana wale wenye vinundu mgongoni, Phyllidia, ambao matamvua yao yamefichwa chini ya joho, nao humponza hata mzoefu. Hao msiwatie ndoo moja na samaki. Sumu yao huwaua samaki hao.

Elimu hii si ya kigeni hapa kwetu. Charles Eliot, kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, alikuwa mtaalamu wa makoa hawa. Utawala wake una yake ya kusemwa, lakini koa mmoja ambaye Eliot alimwandikia maelezo ya kisayansi mwaka 1904 anaitwa Halgerda wasinensis, kwa jina la kisiwa chetu cha Wasini. Mwaka huo huo alimwandikia maelezo mwingine, ambaye leo anaitwa Goniobranchus annulatus: mweupe, madoa ya manjano, pete ya zambarau ikizunguka pembe na nyingine ikizunguka matamvua.

Nashuku wenu ndiye huyo. Pete ya mbele naiona. Ya nyuma imekwenda na mkasi wenu. Kama mpiga picha bado anayo picha nzima, tafadhali ichapisheni.

Mzee wa boti ya kioo,
Bamburi, Mombasa