Vumbi la mahindi nalo lihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu hewa chafu ya Kampala imelaumu bodaboda na malori. Sawa, siwatetei. Lakini mimi ni muuguzi mstaafu, siku hizi nauza pumba hapa Kisenyi katikati ya mashine za kusaga mahindi, na kuna mtu hamkumtaja: kijana anayekung'uta magunia matupu mlangoni.

Vumbi analopumua si unga tu. Mahindi yaliyoanikwa chini hubeba bakteria, na wale wa kundi ambalo wataalamu huliita Gramu hasi wana sumu katika utando wao wa nje, endotoksini. Bakteria akifa, sumu inabaki. Hata maji ya kuchemka hayaiondoi kirahisi. Ikifika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, seli za ulinzi huitambua kwa kipokezi kiitwacho TLR4, na kugundua kazi ya kipokezi hicho kulimpa mwanasayansi Bruce Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Seli hizo hupiga mbiu, chembe nyeupe za damu humiminika, njia za hewa huvimba, kohozi hujaa. Mwili unapigana na maiti.

Wapakiaji hupumzika Jumapili. Jumatatu jioni kifua kinabana na homa inapanda. Kufika Alhamisi wanasema wamezoea. Ni kweli, mwili huizoea sumu hiyo kwa muda, ukipumzika unasahau. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba Uingereza waliijua Jumatatu hiyo zamani. Hapa kijana anakimbilia dawa ya malaria bila kupimwa, jambo linaloniudhi kuliko vumbi lenyewe.

Umeme ukikatika, jenereta inawashwa palepale mlangoni. Masizi ya dizeli, chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, hupenya hadi ndani kabisa. Panya wa maabara waliopewa masizi na endotoksini kwa pamoja walivimba mapafu kuliko waliopewa kimoja tu.

Vipimo vya hewa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinatusaidia sana, ila vinatuambia wingi wa chembe, si zilichobeba. Shirika la Afya Duniani linataka chembe hizo zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kwa endotoksini kazini, Baraza la Afya la Uholanzi lilipendekeza mwaka 2010 kikomo cha vizio 90 vya endotoksini kwa mita ya ujazo. Huku kwetu sijaona anayeipima.

Tafadhali asitokee wa kusema tunyunyize maji kabla ya kufagia. Unga ukilowa unachacha, na bakteria wanazaliana upya. Magunia yakung'utiwe nje, mbali na watu, mkung'utaji akiupa upepo mgongo. Leso puani haitoshi. Inatakiwa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo. Mwenye mashine mmoja aliniambia barakoa itawafanya vijana wavivu. Vijana wenyewe wananiomba mimi niwatafutie.

Maafisa wanaokuja kukagua leseni waulize pia jenereta inakaa wapi na magunia yanakung'utiwa wapi.

Mama Shamim,
Kisenyi, Kampala