Kubadilisha ganda la pedi ya PS4: soma kabla hujatuma hela

Dar es Salaam

Ndugu yangu Seif,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha ya ile hausingi nyekundu, yaani ganda la nje unalotaka kuivisha pedi yako ya PS4. Rangi ni nzuri, sikatai, ila hela usitume bado. Kwanza nijibu hili: pedi yako ni ya kizazi gani?

Pedi za PS4, ambazo jina lake ni DualShock 4, ziko za aina mbili. Ya kwanza ilitoka na PS4 yenyewe mwaka 2013, na kibandiko cha mgongoni kinasomeka CUH-ZCT1 kikifuatiwa na herufi nyingine. Ya pili ilikuja na PS4 Slim mwaka 2016, hiyo ni CUH-ZCT2. Kibandiko kikiwa kimefutika, washa pedi utazame tachipedi, kile kibao cha kugusa kwa kidole kilicho katikati. Ukiona mstari mwembamba wa taa unapenya sehemu ya juu ya tachipedi, ni ZCT2. Taa ikionekana mbele tu, pale inapoelekea kwenye runinga, ni ZCT1. Kwa nje ni mapacha, ndani ni watu wawili tofauti, na hausingi ya mmoja haimkai mwenzake sawasawa.

Wauzaji wa hausingi wao hutaja namba ya bodi, ile sahani ya umeme iliyo ndani ya pedi. JDM-001, 011, 020 na 030 ni za ZCT1. JDM-040, 050 na 055 ni za ZCT2. Namba hiyo imechapishwa kwenye bodi, kwa hiyo lazima ufungue ndipo uione. Fungua tu, maana kuna jambo jingine la kuhakikisha humo humo. Pedi nyingi zinazouzwa kwa jina la "original" ni za kuiga. Mpangilio wake wa ndani ni mwingine na nguzo za skrubu haziko mahali pake, hivyo hausingi ya pedi halisi haitaingia hata ukichonga. Usipoiona hiyo JDM, achana na mpango huu, ununue pedi nyingine ya rangi unayoipenda.

Aina ya ganda nayo uichague kwa akili. Mimi ningechukua la plastiki ya kawaida isiyong'aa. Yale yaliyopakwa tabaka laini la kimpira yanashikika vizuri sana yakiwa mapya, lakini kwa joto na unyevu wa Tanga tabaka lile huanza kunata baada ya muda, na ukilisugua linabaki mabaka. Ya kromu yanapendeza pichani. Mkononi yanateleza kiganja kikitoa jasho. Kupaka rangi ya kopo ganda la zamani sikushauri kabisa: inaanza kubanduka pale pale vidole vinaposhika, na ikiingia kwenye matundu ya vitufe, vitufe vinakwama.

Muulize muuzaji seti ina nini. Seti kamili ina ganda la mbele na la nyuma, tachipedi, vitufe vyote, mishale, L1, R1 na triga zote mbili (L2 na R2). Springi, mipira ya chini ya vitufe, spika na vifuniko vya analogi (vile vijiti viwili vya kidole gumba) kwa kawaida unahamisha vyako, kwa hiyo usitupe kitu mpaka kazi iishe.

Vifaa si vingi: bisibisi ya nyota namba PH00, kibano chembamba, kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, spiriti ya isopropili na pamba za masikioni. Bisibisi kubwa kuliko hiyo inakula vichwa vya skrubu, na kichwa kikishaliwa ni mateso.

Zima pedi kwa kushikilia kitufe cha PS mpaka taa izimike. Mgongoni toa skrubu nne. Penyeza kadi kwenye mshono, ukianzia kwenye mikono ya pedi, kisha panda pembeni taratibu. Utasikia meno yakiachia kwa mlio mkavu, usishtuke. Ganda la nyuma liinue upande wa mikono kwanza, halafu liteleze lipite triga. Usilikwanyue! Kuna flekisi, yaani utepe mwembamba wa kupitisha umeme, inayounganisha bodi kuu na bodi ndogo ya kuchajia iliyobaki kwenye ganda la nyuma, na ukivuta kwa pupa itachanika. Ishike kwa kibano kwenye ule mwisho mgumu, uivute ikiwa imenyooka. Kabla ya kuvuta flekisi yoyote, tazama soketi yake: ikiwa na kilango kidogo, kiinue kwanza.

Chomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Shika plagi, si nyaya. Betri yake ni ya 3.7 V na 1000 mAh; ukiikuta imevimba, badilisha sasa hivi na usiitoboe. Ukinunua nyingine, taja kizazi cha pedi, kwa sababu plagi za ZCT1 na ZCT2 si sawa. Kisha ondoa trei ya betri na ile skrubu moja iliyo katikati ya bodi. Bodi inatoka pamoja na mota mbili za mtetemo zilizo ndani ya mikono, ile kubwa kushoto na ndogo kulia. Nyaya za mota zimelehemiwa na ni nyembamba mno, kwa hiyo nyanyua vyote kwa pamoja, usiache mota ining'inie. Chini ya bodi kuna flekisi ya tachipedi, iachie nayo.

Sasa tumefika panapowaangusha wengi. Chini ya bodi kuna fremu ya plastiki, na juu ya fremu imelazwa karatasi ya plastiki iliyochapwa njia za umeme. Hiyo ndiyo inayosoma vitufe vyote, mishale, L1, L2, R1 na R2. Mkia wake haujalehemiwa popote wala hauna soketi ya kuubana. Unakaa juu ya kipande cha sponji, na bodi inapokazwa na ile skrubu moja ya katikati, sponji inausukuma mkia ugusane na bodi. Basi, hakuna zaidi. Sponji ikiwa imelala, au skrubu hiyo ikiwa haijakaza, utafunga pedi nzuri kabisa halafu mishale ijibonyeze yenyewe, au vitufe viwili vitatu vife kwa mpigo. Watu hudhani bodi imeungua, kumbe sponji. Ukiiona imebonyea, weka juu yake kipande chembamba cha sponji yenye gundi, isizidi milimita moja. Ukizidisha unene, bodi haitalala vizuri. Futa mguso wa mkia kwa pamba yenye spiriti kidogo, na usiusugue kwa nguvu, maana ile chapa inatoka.

Karatasi hiyo ina mabawa mawili yanayosimama pembeni mwa fremu kwa ajili ya L na R. Kila bawa lina vitundu vinavyovaa vipini vya fremu. Bawa likitoka kwenye kipini chake, R2 itafanya kazi ukibonyeza sana tu, au isifanye kabisa.

Springi za triga zina tabia ya kuruka. Fanyia kazi juu ya taulo jeupe, na upige picha mguu wa kila springi ulivyokaa kabla hujautoa, kwa sababu ya kushoto na ya kulia zimeelekea pande tofauti. Hamisha triga moja kwanza, imalize, ndipo uguse ya pili.

Kupanga vitufe kwenye ganda jipya ni rahisi: kila kimoja kina umbo lake chini, hakiingii tundu la mwenzake. Kisipoingia, usilazimishe. Shida iko kwenye Share na Options. Hausingi za bei ya chini zina matundu yenye mabaki ya plastiki, na vitufe hivyo viwili ndivyo vinavyokwama mwanzo. Sugua ubavu wa kitufe, si tundu, kwa msasa laini, mara chache chache huku ukijaribu. Tundu la analogi nalo lichunguze: likiwa na mwiba wa plastiki, analogi itakwaruza na haitarudi katikati, halafu utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Usisahau kuhamisha spika, ni ndogo na wengi huiacha kwenye ganda la zamani. Bodi ndogo ya kuchajia na kile kipande cha kupitishia taa pia vihamie ganda la nyuma.

Kabla ya kukaza skrubu za mgongoni, unganisha flekisi na betri, shikiza ganda bila skrubu, ujaribu. Chomeka chaja: taa ikipumua rangi ya chungwa taratibu, upande wa kuchaji uko sawa. Isipowaka, flekisi imeingia upande, ichomoe uirudishe. Kisha chomeka pedi kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, na ukurasa wa majaribio utakuonyesha kila kitufe kinapowaka na triga zinavyopanda. Bonyeza kila kimoja mara kadhaa. Tachipedi ijaribu kwenye PS4 yenyewe. Ikiwa kimya, flekisi yake haijazama hadi mwisho.

Skrubu zinaingia kwenye plastiki mpya ambayo haina njia, kwa hiyo mara ya kwanza zitakuwa nzito. Zisimamishe wima, kaza mpaka ganda likutane, acha hapo. Ukiendelea, nguzo inapasuka na hausingi imekwisha. Siku nyingine ukifungua na kurudisha, zungusha skrubu kinyume kwanza mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze.

Kwa mara ya kwanza jipe jioni nzima, na watoto wasikae karibu na ile meza yenye springi. Ukishafungua, nipigie picha ya bodi, pale palipoandikwa JDM, pamoja na ya ile sponji. Nikishaziona nitakwambia kama hausingi nyekundu inakufaa au umwombe muuzaji ya kizazi kingine.

Msalimie mama na wote nyumbani.

Ndugu yako,
Rashidi