Hilux na mlima wa Kadutu

Bukavu, Kadutu

Ndugu yangu,

Jambo sana, na salamu kwa mama na watoto hapo Lubumbashi. Uliniandikia kwamba gari lako linatikisika, basi sikia yaliyonipata mimi. Ile Hilux yangu ya zamani ya mazutu (dizeli) bado inatembea, ila kwa miezi miwili ilinitia haya mbele ya majirani.

Asubuhi iliwaka mara moja. Ukihesabu hadi kumi, moteri inaanza kutetemeka kama mtu wa malaria, ralanti, yaani mzunguko wa moteri bila kukanyaga mafuta, inapanda, inashuka, siku nyingine inazima kabisa. Nikikanyaga mafuta dakika mbili tatu inatulia, na hairudii tena mpaka kesho. Fundi wa kwanza hakufungua hata kapo, kifuniko cha moteri: "Ni buji za joto." Ndivyo vile vijiti vinavyopasha joto ndani ya moteri ili iwake. Nikanunua zote nne. Kesho yake, yaleyale. Baadaye nikapima zile kuukuu kwa taa ndogo na waya wa batri. Tatu zilikuwa nzima! Dola zangu zilishakwenda.

Aliyenifunulia ni mlima. Unajua huku kwetu hakuna pa kuegesha palipo sawa. Gari likilala pua chini, asubuhi linaamka vizuri. Likilala pua juu, homa inarudi. Sasa buji inajuaje gari limelala vipi? Mazutu ndiyo yanajua. Tangi liko nyuma, kwa hiyo pua ikiwa juu, na pakiwa na tundu la kuingiza hewa kwenye njia ya mazutu, usiku yanateremka kurudi tangini. Pampu inabaki na kidogo cha kuwashia, kikiisha inameza hewa.

Nikatafuta tundu wiki nzima na sikuona hata tone. Kijana mmoja wa garaji akanicheka: upande ule, kutoka tangini hadi kwenye pampu ya moteri, pampu inavuta, basi hewa inaingia na mazutu hayatoki. Akafunga mpira unaoonyesha ndani kati ya filtre (chujio la mazutu) na pampu. Mapovu yakapita mfululizo. Kisha akachomoa mpira wa tangi, akalisha filtre kutoka bidoni (dumu) iliyoinuliwa juu ya moteri, ili mazutu yasukume badala ya kuvutwa. Haikupita muda, pampu ndogo ya kusukumia mazutu kwa mkono iliyo juu ya filtre ikaanza kulowa. Raba yake ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Kitu cha bei ya chupa mbili za bia.

Gari lako ulilosema linatikisika, kwanza litazame vizuri. Ikitikisika tangu sekunde ya kwanza, na moshi mweupe, hapo buji ni za kushukiwa kweli, maana Juni na Julai asubuhi za huko zina baridi. Ikiwaka vizuri halafu ikalegea, tafuta hewa. Mlima huna, lakini jioni pandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene, ufunge breki na uzuie ya nyuma kwa mawe, uone asubuhi itasemaje. Usinunue kitu kabla hujaniandikia.

Ndugu yako wa Kadutu