Barua ya malalamiko: programu yenu ya kuendesha treni haioni treni

Ngamiani, Tanga
9 Juni

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA TRENI NDOGO YA "WANAOANZA" KUUZWA BILA KIFAA CHA KUTAMBUA TRENI ILIPO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ngamiani. Baba yangu alifanya kazi reli kwa miaka 31. Alianza kama pointimani, akastaafu akiwa stesheni masta kwenye njia ya Tanga. Siku hizi magoti hayamruhusu kutoka sana, kwa hiyo mwezi wa Machi mimi na kaka yangu tulichanga shilingi 1,640,000 tukamnunulia seti yenu ya treni ndogo zinazoendeshwa kwa kompyuta. Ndani mlikuwa na vichwa viwili, mabehewa sita, reli, pointi nne za umeme (vile vipande vya reli vinavyogeuka kubadilisha njia ya treni), kisanduku cha kutuma amri, waya wa USB na programu. Mzigo ulishuka stendi ya Kange Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri mzee alikuwa ameshavaa miwani na kutandaza vipande vyote juu ya mkeka.

Tulimtengenezea meza ya mbao yenye urefu wa mita 4. Akaigawa mwenyewe kwa chaki: Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo. Ndiyo njia aliyoitumikia, ile iliyoanza kujengwa kutoka hapa mjini mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, hatimaye Moshi 1911. Reli mliyotuuzia ina upana wa milimita 16.5 kwa kipimo cha 1:87, ambao ni upana wa reli ya Ulaya, wakati njia yetu ni ya mita moja na kwa kipimo hicho ingetakiwa kuwa ya milimita 12 hivi. Hilo silalamikii. Mzee alilijua tangu mwanzo na akaridhika.

Ninacholalamikia ni maneno mliyoyaandika juu ya boksi: "Kompyuta inaendesha treni zako zote. Hakuna kingine cha kununua." Tuliyaamini maneno hayo, tukalipa kwa sababu yake.

Nianze na tatizo dogo. Vichwa vyote viwili vilikuja na anwani moja, namba 3. Najua sasa kwamba dikoda za DCC, yaani vipokezi vilivyo ndani ya vichwa katika mfumo wa kuendesha treni ndogo kwa amri za kidijitali, hutoka kiwandani na namba hiyo, na hakuna ubaya kama mnunuzi ataambiwa aibadilishe. Kitabu chenu hakisemi lolote. Kwa siku mbili tulikuwa tukikiamuru kichwa chekundu kiondoke Tanga, na cha kijani kilichosimama Mombo kinaondoka pia. Mzee alidhani amekosea kubonyeza. Ilibidi nisome kwingine ndipo nikaelewa kwamba reli ina umeme muda wote, kwamba amri zinasafiri ndani ya umeme huohuo kwa mapigo mafupi na marefu, na kila kichwa kinasikiliza namba yake tu. Nikaweka kichwa kimoja peke yake kwenye kipande cha reli cha kupangia, nikaandika 4 kwenye CV1, mahali dikoda inapohifadhi anwani yake, tatizo likaisha. Ni kazi ya dakika tano ambayo ingetosha kuelezwa kwa sentensi tatu. Vilevile picha ya kitabuni inamwambia mtu achague mlango wa kompyuta uitwao COM3, wakati kompyuta yangu ilikipa kisanduku COM5. Mimi ni fundi, niliona haraka. Mtu asiye fundi angerudisha boksi kabatini.

Tatizo kubwa ni lile lililotokea Jumapili ya pili, baada ya swala ya magharibi.

Mzee alikuwa amepanga ratiba yake vizuri. Treni nyekundu itoke Tanga kupanda, ya kijani itoke Mombo kushuka, zipishane Korogwe kwenye lupu, ile njia ya pembeni ya kupishania. Kati ya stesheni na stesheni njia ni moja, kama ilivyo kweli. Wajukuu watatu walikuwa wamekaa wanatazama. Programu ikaanza, na kwenye skrini kila kitu kilikwenda sawa: alama nyekundu ikapita Muheza, ikasogea, ikaingia lupu ya Korogwe, ikasimama. Papo hapo programu ikageuza pointi na kuiruhusu ya kijani iteremke kuelekea Muheza.

Juu ya meza treni nyekundu haikuwa Korogwe. Ilikuwa imekwama kwenye kiungo cha reli chenye vumbi, katikati ya Muheza na Korogwe, kwenye njia ileile. Ya kijani ikaja kwa mwendo wake wote, zikagongana uso kwa uso. Kichwa chekundu kilianguka sakafuni, kikavunjika kiunganishi cha mbele na ekseli moja. Skrini bado ilikuwa inaonyesha kimesimama salama stesheni.

Mzee alizima umeme ukutani. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Nani alisema njia iko wazi?"

Swali hilo ndilo ninalowaletea ninyi, kwa sababu jibu lake ni kwamba hakuna aliyesema. Programu yenu haijui treni iko wapi. Inatuma amri, inahesabu sekunde, halafu inakisia. Nimelipima hili mwenyewe. Kwa kasi ileile kwenye skrini, kichwa cha kijani kilitembea mita moja na nusu kwa sekunde 6.4 kikiwa ndiyo kwanza kimewashwa. Baada ya kuzunguka nusu saa na mota kupata moto, kilitumia sekunde 5.5. Kwa tofauti hiyo peke yake, kwenye safari ya meza nzima, treni inapitiliza stesheni kwa urefu wa behewa moja na zaidi, hata pasipo kukwama popote. Programu haina mahali pa kuingiza vipimo hivyo, na hata ingekuwa napo, treni iliyokwama haihesabiki kwa saa.

Kifaa kinachokosekana kinajulikana kwa kila mtu anayefanya kazi hii. Reli hukatwa katika seksheni, kila seksheni ikalishwa umeme kupitia kitambuzi. Kichwa kikiingia, mota yake inavuta umeme, kitambuzi kinauona, kinaiambia kompyuta: seksheni hii ina treni. Hapo ndipo kompyuta inapoweza kukataa kuruhusu treni nyingine. Kisanduku chenu kina tundu la S88 nyuma, ambalo kazi yake ni hiyo hasa. Ukurasa wa 31 wa kitabu umeliandika "kwa matumizi ya baadaye". Na dukani kwenu kitambuzi cha seksheni 16 kinauzwa peke yake kwa shilingi 215,000. Kwa hiyo kifaa mnacho, umuhimu wake mnaujua, na bado mkaandika juu ya boksi kwamba hakuna kingine cha kununua.

Nilipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nizime kompyuta na kuiwasha tena. Mara ya pili simu ilikatika nikiwa nasubiri. Mara ya tatu kijana mmoja, aliyezungumza nami kwa adabu na ninamshukuru kwa hilo, alinieleza kwamba vitambuzi ni vya watu waliobobea na seti hii ni ya wanaoanza.

Ndugu Meneja, hapo ndipo mlipokosea, na naomba mnisikilize. Aliyebobea akiona alama inatembea kwenye skrini anajua ni makisio, atasimama karibu na meza na mkono juu ya swichi. Anayeanza hajui. Yeye anaamini kwamba kinachoonekana kwenye skrini ndicho kilichopo kwenye reli, kwa sababu ninyi mmemwambia hivyo. Kama kuna mtu mmoja katika dunia ya treni ndogo asiyepaswa kuuziwa programu isiyoona, ni huyo.

Baba yangu alifanya kazi hii kwa treni za kweli, zenye watu ndani. Kwenye njia moja, stesheni masta haachii treni mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele amethibitisha kwamba njia iko wazi. Hatazami saa akasema, "Sasa hivi ile ya kwanza itakuwa imeshafika." Na mwenzake naye hathibitishi kwa kuona kichwa tu kimeingia. Anasubiri aone taa ya mkia wa behewa la mwisho, kwa kuwa treni inaweza kufika na kichwa huku mabehewa mawili yamebaki porini. Mzee alinieleza haya usiku ule akiwa anaokota vipande sakafuni, na nilipoanza kusoma habari za vitambuzi nikakuta jambo lilelile. Behewa lisilo na taa wala mota halivuti umeme, kwa hiyo kitambuzi hakilioni. Likikatika njiani, kompyuta inadhani njia ni nyeupe. Dawa yake ni rezista ndogo ya kiloomu 10 kwenye ekseli ya behewa la mwisho, ivute umeme kidogo. Mzee anaiita taa ya mkia. Kitabu chenu chenye kurasa 48 hakigusi hata moja kati ya mambo haya, lakini kina kurasa sita za jinsi ya kubadilisha rangi za skrini.

Sikukaa nikasubiri majibu yenu. Kwa kuwa DCC ni kiwango kinachosimamiwa na chama cha wapenda treni ndogo cha Marekani, NMRA, vifaa vya watengenezaji mbalimbali vinaweza kukaa kwenye reli moja. Niliweka JMRI, programu ya bure inayokubali Windows, Mac na Linux, ikakitambua kisanduku chenu bila shida. Nikanunua kitambuzi kwa fundi mwenzangu, nikakata reli katika seksheni tisa, nikafunga rezista kwenye mabehewa. Ilinichukua wikiendi nne. Sasa treni ya kijani ikiwa peke yake inakwenda na kurudi, na ukiweka behewa katikati ya Muheza na Korogwe inasimama Korogwe na kungoja. Mzee amelijaribu jambo hilo labda mara mia, kila mara anaweka behewa mahali tofauti.

Nimeyaandika haya ili mjue kwamba sikushindwa na vifaa vyenu. Kisanduku ni kizuri, pointi zinageuka vizuri, na kichwa cha kijani kinatembea taratibu kuliko nilivyotarajia. Nimeshindwa na ahadi iliyo juu ya boksi. Hapa Tanga ninajua watu wengine wawili walionunua seti hii, mmoja ni mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kompyuta kwa kitu wanachoweza kukishika. Boksi lake liko juu ya kabati tangu Aprili. Anadhani yeye ndiye asiyeweza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa maandishi ili nijibiwe kwa maandishi. Mnirudishie gharama ya kitambuzi, shilingi 190,000, ambayo risiti yake nimeiambatanisha pamoja na risiti yenu. Mtengeneze au mbadilishe kichwa chekundu, kwa kuwa kilivunjika nikiwa nafuata maelekezo yenu neno kwa neno, na picha za ajali pia zimo. Kila aliyenunua seti hii apewe kitambuzi bila malipo, au aambiwe waziwazi kwamba kompyuta yake haiwezi kuendesha treni mbili kwenye njia moja bila hicho. Maneno ya juu ya boksi yaondolewe mpaka yatakapokuwa kweli. Kuhusu kitabu, mimi na mzee tuko tayari kuwaandikia kurasa za anwani, seksheni na mkia wa treni kwa Kiswahili, bila kudai senti. Yeye ameshaanza, ana daftari.

Nategemea majibu ndani ya siku 21. Yakikosekana, nitapeleka malalamiko haya, yakiwa na viambatanisho vyake, kwa mamlaka zinazosimamia haki za mlaji.

Kichwa kilichovunjika nimekirudisha ndani ya boksi lake, na vipande vyake vyote vimo, pamoja na ekseli. Mkinipa jina la mpokeaji nitakipeleka Kange siku hiyohiyo, kiondoke na basi la asubuhi.

Ndimi mteja wenu,

Fundi kompyuta, Ngamiani, Tanga
(kwa niaba yangu na ya baba yangu, stesheni masta mstaafu)