Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi wa Marekani: wa kwanza kukalia kiti chako alishuka mgodini akiwa na miaka 9

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Watoto wa wahamiaji wanaofanya kazi za usiku

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya akina mama ninaowatafsiria hapa Pennsylvania, na nataka waisome barua hii kabla yako. Wewe hutakosa mkalimani.

Mtu wa kwanza kukalia kiti chako alikuwa mhamiaji. William B. Wilson alizaliwa 1862 huko Blantyre, Uskoti, alikozaliwa pia Livingstone, yule yule wa Ujiji, ambaye naye aliingizwa kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Baba yake Wilson alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mgomo ulipozuka familia ikafukuzwa nyumbani, baba akavuka bahari, na 1870 familia ikamfuata Arnot, hapa hapa Pennsylvania. Mwaka uliofuata baba alikuwa anaugua mgongo. Mtoto akaachishwa shule, akashuka mgodini kumsaidia.

Wapo wanaosema wazazi wa zamani hawakuwa na huruma. Si kweli. Mchimbaji hakulipwa kwa siku, alilipwa kwa tani ya makaa aliyotoa. Muda wa kuondoa mawe na kusimika magogo ya kuzuia dari haukuwa na malipo. Kila koleo alilojaza mtoto liliingia kwenye hesabu ya baba yake. Kampuni haikuhitaji kumwajiri mtoto. Bei ya tani ilimwajiri.

Wilson alikua humo humo. Akaingia kwenye chama cha wachimbaji, akatiwa kwenye orodha ya watu wasiopewa kazi, akaonja jela. Mwaka 1890 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wachimba migodi cha United Mine Workers, kisha akawa katibu na mweka hazina wake kuanzia 1900 hadi 1908. Aliingia Bungeni 1907. Tarehe 4 Machi 1913, siku ya mwisho ya urais wake, Taft alisaini sheria ya kuanzisha wizara yako. Rais mpya, Woodrow Wilson, akamkabidhi wizara hiyo mchimba makaa. Majina yao yanafanana tu, hawakuwa ndugu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo langu. Wizara hiyo ilikabidhiwa kazi mbili chini ya paa moja: Ofisi ya Watoto, iliyoongozwa na Julia Lathrop, na shughuli zote za uhamiaji. Mtu mmoja alitakiwa kumlinda mtoto kazini, na huyo huyo kumfukuza baba yake nchini.

Wilson hakuibeba mizigo hiyo miwili bila kujikwaa. Mwezi Julai 1917, huko Bisbee, Arizona, watu wapatao 1,200, wachimba shaba waliokuwa kwenye mgomo na waliowaunga mkono, wengi wao wahamiaji, walisombwa kwa mitutu ya bunduki, wakasukumwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kwenda kutupwa jangwani New Mexico. Wilson aliongoza tume iliyosema wazi kwamba kitendo kile hakikuwa na msingi wa sheria. Lakini Desemba 1919 meli iitwayo Buford iling'oa nanga New York ikiwa na wahamiaji 249 waliofukuzwa, karibu wote kwa siasa zao, na hati zao za kufukuzwa zilitoka kwenye wizara yake. Mwaka uliofuata ni naibu wake, Louis Post, aliyekuwa na ujasiri wa kufuta hati zaidi ya elfu moja za aina hiyo. Mimi Wilson namheshimu, ila kwa hili Post alimzidi.

Uhamiaji uliondolewa kwenye wizara yako 1940. Hofu haikuhama.

Februari 2023 wizara yako yenyewe ilitangaza kwamba kampuni moja ya usafi iliwaajiri watoto 102, wenye miaka 13 hadi 17, katika machinjio ya majimbo 8. Walifanya kazi usiku, wakisafisha misumeno ya kupasulia migongo ya ng'ombe na mashine za kupasulia vichwa kwa dawa kali zinazounguza ngozi. Watatu au zaidi waliumia. Faini ilikuwa dola 15,138 kwa kila mtoto, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria. Hiyo ni bei ya gari kuukuu. Mwezi uliofuata jimbo la Arkansas likafuta kibali kilichothibitisha umri wa mtoto wa chini ya miaka 16 kabla ya kuajiriwa.

Mama mmoja aliniuliza: "Nikipiga simu kumsemea mwanangu, si wataniuliza makaratasi?" Nilimwambia sheria ya 1938 ya mshahara na kazi za watoto haiulizi makaratasi ya uhamiaji. Akanitazama tu, akafunga mkoba wake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Nenda Bungeni ukaombe faini inayouma, inayopanda kulingana na ukubwa wa kampuni. Na uandike, kwa sahihi yako, kwamba jina la anayelalamika kuhusu kazi ya mtoto halitapelekwa kwa watu wa uhamiaji. Karatasi hiyo ibandikwe kwa Kiswahili pia, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, siyo ofisini kwa meneja.

Wako,
Mkalimani wa Kiswahili, Pennsylvania