Kubandua lebo hakutoshi, mzigo nautaka wote

Kwa meneja,

Habari za kazi. Jibu lenu nimelipata na nimelisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya. Yaani lebo za chapa yangu mlizoweka kwenye mikoba yenu mshazibandua, mikoba iliyobaki mtaiuza hivyohivyo bila jina, na mimi niseme asante yaishe? Jamani.

Chapa ile imesajiliwa kwa jina langu na mnajua, kopi ya cheti niliwatumia kabla hamjaagiza mzigo wa pili, mkauchuna mkaendelea kuuza. Hapo ndo mlipojiponza, maana mtu aliyefanya akijua, fidia haikwepeki.

Sasa hili la kubandua. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki kama chapa, umelisema kwenye kifungu cha 46, kwamba bidhaa feki hairudi sokoni eti kwa vile tu chapa imetolewa, labda iwe kesi ya kipekee kabisa. Mahakama inaweza kuamuru mzigo wote utolewe sokoni au uteketezwe, na nyie msilipwe hata senti. Kwa hiyo huo ujanja wenu ulishafikiriwa zamani sana.

Kuhusu hela, mwanasheria ameniambia nchi nyingi zinakuachia uchague, udai hasara uliyopata wewe au faida aliyopata mwenzio, sio vyote viwili. Mimi naelekea kwenye faida, kwa sababu wateja walionikimbia siwezi kuwahesabu wote, ila mauzo yenu yako kwenye vitabu vyenu na vitabu mtavifungua mbele ya jaji mtake msitake. Kuna mama aliniletea mkoba umeachia mshono wiki ya kwanza tu, akanisema mbele za watu, na mkoba wenyewe ni wenu!! Hiyo sijui inahesabiwaje.

Na msihamishe stoki. Nikionyesha kuna hatari ushahidi kupotea naweza kuomba zuio la muda hata kabla hamjasikilizwa, mtakuja kujitetea baadaye.

Nawapa siku 14, mauzo yasimame leo, mzigo uliobaki mniletee, mniandikie idadi mliyouza na fundi gani aliwashonea, kwa sababu hata hilo mahakama inaweza kuwalazimisha mseme. Zile lebo mlizobandua msizitupe, nazitaka pia.

Mwenye chapa